Kabare Inalima, Kadutu Inakula

Malewa ya Kadutu, vibanda vyetu vya chakula hapa Bukavu, hayana menyu. Unainamisha kichwa kupita chini ya turubai, unasalimia, unauliza: "Mama, leo iko nini?" Naye anakujibu huku mkono wake ukiendelea kugeuza bugali: "Iko sombe, iko lengalenga, maharagi inakaribia kuiva. Sambaza haikufika." Mgeni atadhani ametajiwa vyakula tu. Mkaaji wa Bukavu amesikia taarifa ya habari. Sambaza haikufika, basi huenda usiku wa jana mbalamwezi ilikuwa kali ziwani na wavuvi wamepumzisha nyavu. Lengalenga imejaa, basi mvua imekubali huko Kabare, kwenye vilima vya jirani. Mawese yakianza kupungua ndani ya sombe, jua kuna jambo kwenye barabara ya Bunyakiri au ya Fizi, na litakufikia redioni baadaye.

Tuko kundi la marafiki tuliosoma pamoja, na Jumamosi tukipata nafasi tunakula huko, jirani na soko kuu la Kadutu, kwenye mteremko ambako vibanda vimepandana hata paa la huyu liko sawa na mlango wa yule. Mmoja ni mwalimu, mwingine muuguzi, mwingine anaendesha moto, yaani pikipiki, ingawa ana diploma ya uchumi, na mara ya mwisho tulikuwa na mwenzetu aliyekuja likizo kutoka Brussels. Tulikaa kwenye benchi, maji ya kunawa yakapitishwa kwenye beseni, bugali ikaja imefunikwa na sahani ili isipoe. Yule wa Brussels alikata tonge, akachovya, akatafuna bila kusema, kisha akatuambia kwamba Ulaya chakula cha namna hii wanakula wenye fedha. "Unakaa," alisema, "mhudumu anasimama mbele yako anakuhadithia karoti imetoka shamba gani, na mkulima anaitwa nani. Unalipa karoti, unalipa na hadithi." Mama alimsikia, akacheka kutushinda sote. Akasema yeye hadithi anatoa bure, bugali ndiyo ya kulipa.

Mikahawa anayoisema mwenzetu ipo kweli, na chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1971 Alice Waters alifungua mkahawa wa Chez Panisse mjini Berkeley, California, mkahawa ukawa unapika kile ulicholetewa na wakulima wa karibu, chakula kikibadilika siku hadi siku. Italia nako, McDonald's ilipokuja kufungua mlango katikati ya Roma mwaka 1986, Carlo Petrini na wenzake walipinga, na kutokana na ubishi huo likazaliwa vuguvugu la Slow Food. Tangu hapo wazo limesambaa hadi likawa biashara kubwa, na biashara kubwa haikosi waongo. Mwaka 2016 Laura Reiley, mwandishi wa vyakula wa gazeti la Tampa Bay Times huko Florida, aliamua kufuatilia mikahawa iliyojisifu kwamba vyakula vyake vinatoka kwa wakulima wa jirani. Aliwapigia simu wakulima waliotajwa kwenye menyu, na baadhi yao wakamjibu kwamba mkahawa uliowataja hawauuzii kitu.

Kadutu uongo wa namna hiyo hauna nafasi. Si kwa sababu sisi ni wakweli kuliko watu wa Florida. Soko letu lina wajanja wake, na kopo la maharagi lililobonyezwa chini lipo hapa kama lilivyo kwingine. Ni kwamba hapa hakuna anayepata faida kwa kudai sombe imetoka Kabare. Ingetoka wapi pengine? Mwanamke aliyeileta bado amekaa pembeni mwa njia, miguu ina udongo mwekundu, anahesabu noti zake kabla ya kupanda mlima kurudi.

Kwa hiyo mwenzetu wa Brussels alikuwa akitusifu. Meza ilifurahi. Mimi nilikula sombe yangu nikiwa na neno, na neno lenyewe ndilo ninaloliandika leo: chakula cha Kadutu ni rahisi kwa sababu kuna mtu njiani ambaye hakulipwa. Wazungu wanalipa hadithi ya mkulima. Sisi tunaijua hadithi yote, bei tunaikata.

Hebu tuangalie sombe yenyewe, maana ndiyo mfalme wa meza hiyo. Majani ya muhogo yanaingia mjini mapema, yamefungwa mafungu. Yanachambuliwa, vikonyo vinatupwa, kisha kinu. Siku hizi zipo mashine za kusaga, nazo zinaokoa mabega ya watu, ila mama wa malewa yetu hazitaki. Anasema mashine inakata jani bila kulivunja. Jani la muhogo lina sumu ndani yake, sianidi, na kutwanga ndiko kunakoifungua, moto wa muda mrefu ndio unaoifukuza na mvuke. Ndiyo maana mpishi mwenye haraka haaminiki kwa sombe. Ikishachemka vya kutosha peke yake yanaingia mawese, kitunguu, bilinganya, karanga kwa mwenye nazo. Unaijua imeiva pale ukijani mkali unapofifia na mafuta yanapoanza kuelea pembeni mwa sufuria. Kazi ya saa nyingi kwa chakula ambacho bei yake ni ya chini kabisa pale mezani. Kuni au makaa peke yake, ukiyapigia hesabu, yanakula sehemu kubwa ya faida ya mama huyo.

Sambaza wana kisa kirefu zaidi, na napenda kukisimulia kwa wale wanaodhani kwamba cha kienyeji ni kile kilichokuwepo tangu Adamu. Samaki huyu mdogo wa fedha, ambaye hakuna Mukongomani wa Bukavu asiyemwona kama mali ya Ziwa Kivu, ni mgeni. Wataalamu wanamwita Limnothrissa miodon. Kwao ni Tanganyika. Mto Ruzizi unaanzia hapa hapa Bukavu, kwenye urefu wa mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kushuka kwa maporomoko na magenge hadi Tanganyika iliyo chini kwa mita karibu 700. Samaki hapandi njia hiyo. Kivu ikabaki na aina chache za samaki, na eneo lake la katikati, lenye vijidudu vingi vya kuliwa, halikuwa na samaki wa kuvila. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji wakabeba vifaranga vya dagaa wa Tanganyika, wakavimwaga Kivu. Aina mbili zililetwa. Moja ikafa, nyingine ikazaana. Wavuvi wakaanza kutoka usiku na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji, maana sambaza hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, sambaza hutawanyika, na watu hukaa nyumbani. Hivyo sahani ya Kadutu inafuata kalenda ya mbinguni, na mama hana haja ya kukueleza kwa nini leo sambaza ni wachache na kesho kutwa watakuwa wengi.

Nimeleta kisa hiki kwa sababu tunapoanza kusifia chakula cha kwetu, haraka sana tunaingia kwenye ushabiki wa damu na udongo. Muhogo wenyewe ulitoka bara la Amerika. Maharagi vilevile. Mahindi vilevile. Bushi nzima, nchi ya Washi, ingekuwa na njaa kama mababu wangekataa kila kilichokuja na mgeni. Kitu kinakuwa cha kwetu kwa jasho la anayekilima na mkono wa anayekipika.

Na tusijidanganye kwamba sahani nzima imetoka mlimani. Mchele mwingi unaoliwa Bukavu umetoka mbali, Tanzania au Pakistani, ingawa bonde la Ruzizi linaota mpunga. Yule samaki tunayemwita Thomson ni wa bahari, anafika amegandishwa kama jiwe. Kuku wa friji anavuka bahari nzima akiwa hana kichwa. Nyanya na viazi vingi vinavuka daraja la Ruzizi kutoka Rwanda, na mipaka ilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, kila mpishi wa mji huu alijua siku hiyo hiyo ni kiasi gani cha mboga yetu kinapita kwenye daraja lile. Malewa yanachanganya vyote. Mama hapiki siasa, anapika kile ambacho wateja wake wanaweza kulipia.

Sasa twende njiani, maana huko ndiko ukweli ulipo.

Usafiri mkubwa wa chakula kati ya Kabare na Kadutu ni mgongo wa mwanamke. Ukiamka mapema na kusimama kwenye njia zinazoshuka mjini utawaona: kamba imepita kwenye paji la uso, kitunga au gunia limelala mgongoni, mwili umeinama mbele, mara nyingi na mtoto kifuani. Wengine wanatoka soko la Mudaka, wengine kutoka upande wa Walungu baada ya kushuka kwenye gari. Sokoni wapo wengine tena ambao kazi yao ni kubeba tu, mizigo ya watu, kutoka gari hadi kibanda, kutoka ufukoni hadi mlimani. Bukavu ni mji wa vilima, hakuna mzigo unaokwenda mahali bila kupanda. Na mbeba mzigo ndiye mtu wa kwanza anayepunguziwa bei. Nimesikia mabishano ya faranga chache juu ya gunia ambalo mnunuzi mwenyewe asingeweza kulinyanyua kutoka ardhini.

Halafu kuna bariyeri. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Antwerp nchini Ubelgiji, walitoa ripoti ya vizuizi vya barabarani walivyovihesabu katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Walipata 798. Vingine ni vya jeshi, vingine vya polisi, vingine vya idara hii na ile, vingine vya makundi yenye silaha. Wengi wetu tulipoisoma tulisema ni hiyo tu? Tunajua kwamba madini ndiyo yanayotajwa kila mara dunia inapoizungumzia Kivu, lakini kamba inayofungwa katikati ya barabara haichagui. Inasimamisha koltani, inasimamisha na muhogo. Mwenye koltani ana faida ya kutoa humo. Mwenye kitunga cha lengalenga ana nini? Anaacha fungu moja hapa, noti moja pale, na akifika mjini bado kuna tikiti ya soko ya kila siku kabla hajauza hata jani. Ukijumlisha, wapo watu wengi waliokula kutoka kwenye kitunga kile kabla yetu sisi tuliokaa kwenye benchi tukijiita wateja.

Na shamba lenyewe ni la nani? Katika ile mikahawa ya Ulaya swali hili halisumbui sana, kwa sababu mkulima anayetajwa kwenye menyu kwa kawaida ana hati. Bushi tuna mambo yetu. Kwa desturi, mtu alipata ardhi kwa mwami au kwa chifu wake kupitia kalinzi: anatoa ng'ombe, siku hizi fedha, anapewa shamba ambalo watoto wake watalirithi. Asiyeweza kalinzi anachukua bwasa, shamba la msimu au la mwaka, analipia kwa fedha au kwa siku za kazi, na haruhusiwi kupanda mgomba wala kahawa, kwa sababu mti unaokaa miaka ni kama dai la kumiliki. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, iliyotamka kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Karatasi zikaanza kutolewa mjini, na wenye kujua njia ya ofisi wakapata mashamba makubwa vilimani, mengine yakawa malisho na mengine yakakaa tu. Wakulima waliokuwa juu ya ardhi hiyo wakajikuta ni wapangaji. Mwanamke yuko chini kuliko wote hao: analima, anapalilia, anavuna, anabeba, anauza, na mara nyingi ardhi inapita kwa jina la mumewe.

Mtu wa bwasa hawezi kuutunza udongo wa mwaka kesho. Kwa nini aweke mbolea kwenye shamba ambalo mwakani litapewa mwingine? Na mbolea yenyewe ilitoka kwa ng'ombe, na ng'ombe wa Bushi waliporwa kwa maelfu katika vita vilivyoanza 1996. Baadaye mnyauko ukaingia kwenye migomba, ugonjwa ulioonekana kwanza Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukashuka kusini, na waliotegemea kasiksi, pombe ya ndizi, kulipia shule za watoto wakaona mashamba yakikauka. Wenzetu wa INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Mulungu wamefanya kazi ya miaka mingi kwenye maharagi na mihogo yenye kuvumilia, kazi ambayo haisemwi vya kutosha. Mbegu bora haimsaidii sana mtu asiye na pa kuipanda.

Hapa ndipo sifa ya mwenzetu wa Brussels inaponikwama kooni. Shamba liko karibu na meza, ndiyo, lakini meza ya mkulima mwenyewe iko wapi? Hospitali ya watoto ya Lwiro, ndani ya Kabare hiyo hiyo inayotulisha, inajulikana tangu zamani kwa kutibu utapiamlo. Watoto wanavimba miguu katikati ya mashamba ya kijani. Mgeni hushangaa. Mwenyeji haoni ajabu: maharagi yanauzwa mjini ili kupata fedha ya chumvi, sabuni, dawa na ada ya shule, na nyumbani unabaki muhogo. Mayai yanauzwa. Kuku anauzwa. Huko Burhinyi, katika Mwenga, madaktari walikuta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, unaowapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha huku protini ikiwa haba. Muhogo haulowekwi siku za kutosha pale watu wanapokimbia vita au wanapokuwa na njaa isiyongoja. Kwa hiyo ninapoona maharagi yananukia kwenye sufuria ya Kadutu, najua kuna nyumba mlimani ambayo haikuyala.

Mwalimu wetu, ambaye hapendi meza ipoteze furaha, alinijibu vizuri. Akaniuliza kama ninataka bei ya sombe ipande. Wanaokula pale, alisema, ni wanafunzi, wabeba mizigo, vijana wa moto, mafundi wa viatu. Ukiongeza bei kwa ajili ya mkulima unamnyima mbeba mzigo sahani yake. Ni kweli, na ni jambo ambalo wapenzi wa mikahawa ya Berkeley hawana haja ya kulifikiria, kwa kuwa wao wanagawana vizuri kati ya watu waliokwisha kushiba. Hapa muuzaji maskini analisha mnunuzi maskini, na katikati yao wamesimama watu wenye sare au wenye muhuri. Basi kinachotakiwa kushuka ni kile kinachokatwa katikati. Hakuna haja ya kumgusa mlaji wa Kadutu. Ondoa nusu ya bariyeri za chakula, zile za chakula peke yake, na mama wa Mudaka atapata zaidi bila sahani kuongezeka hata faranga.

Walakini si sisi sote tulio maskini, na hapa nitawachokoza marafiki zangu na wasomaji wanaofanana nao. Tunapokuwa na fedha, tunapopata mgeni wa heshima, ubatizo, mahafali, mchumba wa dada, hatuendi Kadutu. Tunashuka Ibanda, kwenye hoteli zinazotazama ziwa, vitambaa vyeupe, na tunaagiza nini? Chipsi na kuku wa friji. Mchele wa gunia lenye maandishi ya nchi nyingine. Wapo wanaoagiza sambaza wa kukaanga, na hao nawapongeza, ila wanawala kama kionjo cha kusindikizia Primus. Chakula chenyewe kinangoja kitu kilichotoka kwenye kontena. Sombe tunamwonea mgeni aibu. Tunaogopa atasema tumemlisha majani. Mji huu ulijengwa na Wabelgiji kwa mpango wa kuwatenga watu, Ibanda kwao, Kadutu na Bagira kwa Waafrika, na miaka zaidi ya 60 baada ya uhuru ramani ile bado iko kwenye matumbo yetu. Cha heshima kinaliwa chini karibu na maji. Cha njaa kinaliwa juu.

Mwenzetu wa Brussels alitaka kulipia meza nzima, kama ilivyo desturi kwa anayetoka Ulaya, nasi hatukumzuia kwa nguvu sana. Mama alipomtajia jumla alidhani amesikia vibaya. Akatoa zaidi. Mama akahesabu, akarudisha ziada. Haikuwa bei, alisema, na wateja wengine wangemwona mwizi. Ikabidi muuguzi wetu aingilie, amwambie kwa lugha ya Mashi kwamba ziada ni ya yule mama aliyeleta sombe, amfikishie akija. Ndipo akaikunja kwenye kona ya kitenge. Kama ilifika sijui, lakini namwamini mama huyo kuliko ninavyoamini menyu za Florida.

Kuna wanaoniambia huu si wakati wa kuandika habari za sombe. Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, na ghala za Mpango wa Chakula Duniani ziliporwa, tani zipatazo 7,000. Mimi naona huo ndio wakati hasa. Mji usiofikiwa na ndege, wenye mifuko isiyo na noti, unaanza kuhesabu kile kilicho umbali wa kutembea kwa mguu. Na kilicho umbali wa kutembea kwa mguu kutoka Kadutu ni Kabare. Shabunda hawana bahati hiyo; bidhaa zao zilizoea kupanda ndege ndogo za Kavumu, na barabara yao ni ya matope. Sisi tuna vilima vinavyolimwa mlangoni petu, na wanawake ambao hawakuacha kushuka hata pale ilipokuwa hatari kushuka.

Sitaki pia kumpamba mama wa malewa kupita kiasi. Maji Kadutu ni shida. Bomba la Regideso linaweza kukaa kavu, na maji ya kunawa, ya kupikia na ya kuoshea sahani yanatoka kwenye madumu yaliyobebwa na watu. Kivu ya Kusini ina kipindupindu cha kila mwaka. Muuguzi wetu hatumii kikombe cha pale, anakuja na chupa yake, na kila mara anakagua kama bugali bado inatoa moshi kabla ya kuigusa. Mifereji ya soko inapita jirani mno na sufuria. Mambo hayo yanaweza kuua mtu, na kuyafunika kwa mapenzi ya cha kienyeji ni ujinga. Lakini mama hawezi kujijengea mfereji wala kujichimbia bomba. Anachoweza ni kupika vizuri na kuhakikisha moto haujazimika, na hilo analifanya.

Kwa hiyo nina maneno mawili ya kusema. La kwanza ni kwenu wenzangu wenye mshahara. Mgeni wenu ajaye mpelekeni Kadutu, mchana, wakati sombe imeshatulia. Ulizeni imetoka wapi, mtajibiwa kijiji kwa jina. Mkitoka hapo mkamkuta mbeba mzigo, msimkate bei.

La pili ni kwa wakubwa, wowote wale watakaokuwa wameketi katika ofisi za mji na komini siku mtakapoyasoma haya. Tikiti ya soko la Kadutu inakatwa kila siku kwa kila mwanamke mwenye beseni, naye analipa kabla hajauza. Hata sasa hana maji pale anapolipia. Anzeni na bomba.